Ardhi ya Kifaru Haitakuja Raila

Jumapili moja mwezi uliopita mhubiri mgeni alisimama katika kanisa la mabati hapa kijijini Raila, Kibera, akafungua Mwanzo sura ya kwanza, akatusomea pale mwanadamu anapopewa kutawala samaki, ndege na kila kitambaacho juu ya nchi. Kutoka hapo akaruka hadi Laikipia. Ni dhambi, akasema, vifaru kustarehe kwenye maelfu ya ekari zilizozungushiwa nyaya za umeme ilhali sisi tunalala sita sita katika vyumba vya kumi kwa kumi. Nyaya zikatwe, ardhi igawiwe walalahoi. Kanisa zima likaitikia amina.

Mimi sikuitikia, na hasira niliyotoka nayo mle haijanitoka bado. Maneno hayo si yake peke yake. Nimeyasikia kwenye matatu, kwenye vibanda vya chai, na kila msimu wa kampeni: kwamba umaskini wetu umeletwa na mnyama, kwamba mwenye shamba anayemtengea kifaru malisho ametunyima sisi ploti. Ni uongo. Tena ni uongo wenye wafadhili, kwa maana kila ulipohubiriwa kuna watu waliotoka na hatimiliki mkononi, na watu hao si sisi.

Nionyesheni mahali pamoja tu katika Nairobi hii ambapo mnyama alifukuzwa na mkazi wa Raila akaitwa kuchukua hati. Msitu wa Ngong Road tumepakana nao, na umemegwa mbele ya macho yetu. Vipande vilivyomegwa vimeota nyumba zenye kuta ndefu na walinzi getini. Msitu wa Karura ulipogawiwa wajenzi wa nyumba za kifahari, mwanamazingira Wangari Maathai alikwenda kupanda miche, akapigwa na genge la vijana Januari 1999 hadi akatokwa na damu kichwani. Waliogawiwa hawakutoka Kibera wala Kawangware. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyokabidhiwa serikali mwaka 2004, ilieleza kinagaubaga jinsi ardhi ya umma, misitu ikiwemo, ilivyotawanywa kwa wanasiasa, maafisa na jamaa zao. Wote walisema ni kwa maendeleo ya wananchi.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote uko Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Nairobi. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1946, na upande wake wa kusini uliachwa wazi ili nyumbu na pundamilia watoke msimu wa mvua kwenda nyanda za Athi na Kapiti, kisha warudi kiangazi. Mwishoni mwa miaka ya sabini nyumbu wa nyanda hizo walikuwa zaidi ya 25,000. Kufikia mwaka 2011 hawakutimia 3,000. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye mashamba, familia za Kimaasai, dola nne kwa ekari kwa mwaka, takriban shilingi mia tatu za wakati huo, mradi wasijenge ua, wasichimbe mawe, wasiuze. Familia nyingi zilikubali malipo hayo madogo kwa kuwa ng'ombe nao walihitaji uwazi uleule. Halafu mabroka wakaja na mamilioni. Ardhi ikakatwa ploti za futi hamsini kwa mia, kukachipuka maghala na mitaa ya nyumba za kuuza. Mpwa wangu amechanganya saruji ya nyumba nyingi kule, na bado anaishi kwa kodi kando ya mtaro hapa Raila. Nyumbu amekosa njia, na mpwa wangu hajapata hata msingi.

Na hao wenye mashamba ya vifaru tunaoambiwa tuwachukie wamefanya nini? Mwanzoni mwa miaka ya sabini Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya themanini majangili walikuwa wamebakisha chini ya 400. Wengi waliosalimika walisalimika ndani ya ua. Ranchi ya Solio, shamba la mtu binafsi, iliwatengea vifaru eneo lao kuanzia mwaka 1970, wakazaana mpaka wakapatikana wa kupelekwa kwingine, Nakuru ikiwemo. Naam, mbuga ya umma ilipewa vifaru na shamba la kibinafsi. Lewa, kwenye ranchi ya ukoo wa Craig, Anna Merz aligharamia hifadhi ya Ngare Sergoi mwaka 1983. Leo vifaru weusi nchini wamefikia takriban 1,000. Bila mashamba hayo, watoto wetu wangemwona kifaru kwenye sarafu tu.

Si lazima kusafiri hadi Laikipia kuliona hili. Lang'ata, mwendo wa matatu kutoka hapa, Jock na Betty Leslie-Melville walimleta nyumbani kwao mwaka 1974 mtoto wa twiga aina ya Rothschild aitwaye Daisy. Alitoka shamba la Soy, magharibi mwa nchi, lililokuwa linagawanywa. Twiga wa aina hiyo waliobaki nchini walikadiriwa kuwa kama 130. Kutoka ua wa nyumba ile twiga wamezaliwa, wakarudishwa porini katika mbuga mbalimbali.

Kuna wanaoniuliza kifaru ana faida gani, maana haliwi wala hakamuliwi. Hoja hii hutolewa kwa sauti kubwa, kana kwamba imemaliza kesi. Basi mwenye hoja atupe orodha kamili: mwewe wa juu ya mabati yetu anakamuliwa? Miti ya kando ya Barabara ya Ngong tuliyoililia ilipokatwa ilikuwa inaliwa na nani? Mtu anayepima uhai kwa sufuria yake hawezi kunifundisha Biblia. Na kama ni Biblia, tusonge mbele kurasa chache, pale Nuhu anapoagizwa kuingiza safinani wawili wawili wa kila aina ili wahifadhiwe hai. Ol Pejeta, ranchi iliyopita mikononi mwa matajiri wa kila namna na sasa inaendeshwa bila kugawana faida, inatunza vifaru weupe wa kaskazini wa mwisho duniani. Sudan, dume wa mwisho, alikufa Machi 2018. Wamebaki Najin na bintiye Fatu, wote majike. Hao ndio mhubiri wetu anataka makao yao yakatwe ploti.

Wanaosema ardhi binafsi ni jina lingine la Mzungu waende Mara. Familia za Kimaasai zilizopata hatimiliki baada ya ranchi za vikundi kugawanywa ziliunganisha ardhi zao na kuanzisha hifadhi kama Olare Orok mwaka 2006 na Naboisho mwaka 2010. Wenye kambi za watalii hulipa kodi, mwenye shamba hubaki na hati yake, simba hupita. Hilo nalo ni shamba la kibinafsi. Kuhusu Laikipia, Wamaasai walihamishwa kwa mkataba wa 1911, na dai hilo ni lao, si la mtu wa Nairobi anayelikumbuka akitafuta kura. Wakazi wa Isiolo walioona hifadhi mbili zimewekwa kwenye ardhi ya jamii kinyume cha sheria walikwenda mahakamani, wakashinda Januari 2025. Hawakuhitaji kukata waya wa mtu.

Sisi wa Raila tuna dai letu, na liko chini ya miguu yetu. Wakoloni waliwatengea wanajeshi wa Kinubi ekari 4,197 za Kibera mwaka 1918. Mwaka 2017 Wanubi walikabidhiwa hati ya ekari 288. Zilizobaki hazikuliwa na vifaru. Wengi wetu ni wapangaji wa vyumba vilivyojengwa kwenye ardhi ya serikali, na wanaopokea kodi wanaishi mitaa mingine. Uwanja wa gofu wa Royal unapakana na mabati ya Kibera, nyasi zake kijani mwaka mzima, na sijawahi kusikia mahubiri juu yake. Julai 2018 tingatinga zilipopasua Kibera kupitisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, maelfu walilala nje kwenye baridi ile, shule zikabomolewa pamoja na nyumba. Waliotia saini walikuwa binadamu.

Kwa hiyo mwanasiasa atakayepanda jukwaani mwaka 2027 na kutuahidi ekari za Laikipia aanze na ekari hizi za serikali tunazolalia sasa. Hazina nyaya wala kifaru. Kinachohitajika ni mpimaji, daftari la wapangaji na saini ya waziri. Na akimaliza hapo, aweke kwenye bajeti malipo ya ekari zilizosalia wazi kusini mwa Mbuga ya Nairobi, kwa bei inayoweza kushindana na ya broka, kabla ile njia ya mwisho ya nyumbu haijazibwa.