"Atazoea" Si Dawa: Juu ya Wazee Wanaohamishwa Uzeeni

Ndugu walimu, katika lugha tunayoifundisha yamo maneno ambayo watu huyatumia kama dawa, na kumbe hayaponyi kitu. Mojawapo ni neno "atazoea". Mtoto apelekwapo shule ya bweni akalia, twasema atazoea. Bibi arusi ashikwapo na ukiwa katika nyumba ya ugenini, twasema atazoea. Na siku hizi twalisema zaidi juu ya wazee: watu waliozaliwa, wakalima na kuzika jamaa zao mahali pamoja kwa miaka 60 au 70, kisha wakahamishiwa upande mwingine wa nchi hiyo hiyo. Nimeshika kalamu kulipinga neno hilo, pamoja na wale wanaojificha nyuma yake. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Hapa Uganda wazee huhama kwa njia nyingi, lakini nitataja mbili. Wapo waliohamishwa na maafa. Tarehe 1 Machi 2010 maporomoko ya udongo yalikifunika kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, katika miteremko ya Mlima Elgon, na watu wengi wakafa. Baadhi ya walionusurika walihamishiwa Kiryandongo, mamia ya kilomita mbali na mlima wao. Baada ya maporomoko mengine ya Oktoba 2018, jamaa nyingine zilijengewa nyumba Bunambutye, wilayani Bulambuli, katika tambarare iliyo chini ya mlima. Wapo pia waliohamishwa na upendo: wana wao wanaofanya kazi Kampala, Jinja au Entebbe huwachukua pindi mume au mke anapofariki, au magoti yanapokataa kupanda kilima.

Wenye kusema "atazoea" wana hoja tatu. Hoja ya kwanza ni kwamba nchi ni moja. Mzee hakuvuka mpaka, basi ugeni wake uko wapi? Hoja hii ni ya mtu atazamaye ramani. Mzee wa Kimasaaba aliyeshushwa kutoka Bududa ameacha migomba, kahawa, na malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi. Ameacha makaburi ya wazazi wake. Kule Kiryandongo amezungukwa na majirani wa lugha nyingi, wakiwamo wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Akiwa Kampala, sokoni huzungumzwa Kiganda na nyumbani wajukuu huzungumza Kiingereza. Mtu aliyekuwa msuluhishi wa magomvi kijijini leo hawezi kuulizia njia ya kwenda zahanati bila mkalimani. Huo ni ugeni, hata kama bendera haikubadilika.

Hoja ya pili ni kwamba mzee anakula vizuri na kulala pazuri kuliko alikotoka. Anataka nini tena? Hapa naomba niseme habari zangu. Mwaka 2016, baada ya kumzika baba, mimi na ndugu zangu tulimleta mama yetu mjini. Tulimpa chumba chenye dirisha, godoro jipya na redio. Tulimkataza asiguse hata ufagio. "Pumzika, mama," tukamwambia, tukidhani huo ndio utu. Asubuhi kila mtu alikwenda zake, na mchana kutwa yeye aliketi barazani akiutazama ukuta wa jirani. Mwezi wa pili alianza kuamka saa tisa usiku na asilale tena. Mwezi wa tatu aliacha kumaliza chakula. Tulimpeleka kupimwa malaria, damu na shinikizo. Tukaambiwa hana ugonjwa, ni uzee tu. Nami nikawaambia ndugu zangu: atazoea. Usiku mmoja aliniuliza, "Mwanangu, nikifa hapa, nani atakayenililia kwa lugha yetu?" Mimi, mwalimu wa lugha, sikuwa na jibu.

Hoja ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa huvaa joho la elimu: kwamba unyonge, kimya na machozi ni hali ya uzee. Si kweli. Uzee huleta mvi na magoti mazito, lakini sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni ugonjwa, nao hutibika kwa mzee kama unavyotibika kwa kijana. Mzee akikosa usingizi na hamu ya chakula, akaacha kufurahia alichokipenda, akalalamika maumivu ya mwili yasiyoonekana chanzo, na hali hiyo ikadumu kwa wiki mbili au zaidi, yafaa apelekwe kwa mganga wa hospitali, na mganga aelezwe kwamba mzee huyu amehama. Mara nyingine mzee wa namna hii hudhaniwa amepotewa na akili kwa sababu hajibu aulizwapo, kumbe moyo wake umelemewa. Sisi nasi tumesaidia kumficha, kwa kuwa kila maradhi ya moyo na akili twayaita "wazimu", na hakuna jamaa apendaye neno hilo litajwe nyumbani kwake.

Nchi yetu inao mfano mzuri wa kinyume cha hayo. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Watafiti hawakuanza na maneno ya Ulaya. Waliwauliza wanakijiji huzuni kubwa huitwaje, nao wakapewa maneno ya Kiganda: okwekyawa, kujichukia, na okwekubagiza, kujisikitikia. Kisha wagonjwa walikutana katika vikundi, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa kazi hiyo. Waliokuwa katika vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wasiokuwamo. Tiba ile hutazama mambo kama msiba, ugomvi na kubadilika kwa nafasi ya mtu maishani. Mzee aliyehamishwa aweza kuwa nayo yote matatu kwa wakati mmoja: amefiwa, hapatani na mkwe juu ya chumvi, na jana alikuwa mwenye shamba, leo ni mgeni wa kudumu. Na tukumbuke kwamba dawa ile ilipitia katika mazungumzo, kwa lugha ambayo mgonjwa huiotea ndoto.

Sasa tulirudie neno lenyewe, maana hapa tuko katika kazi yetu. Kitenzi "zoea" kinamwachia mtu mmoja mzigo wote: mzee azoee, wengine tutazame saa. Lakini lugha yetu ina "zoeza", na ina "zoeana". Mzee azoezwe, na nyumba nzima izoeane naye. Wahenga walilijua jambo hili waliposema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumeizoea methali hiyo kama karipio kwa mgeni mvivu. Mimi naisoma pia kama haki ya mgeni. Asiyepewa jembe hubaki mgeni daima, na mzee aliyeambiwa "pumzika" kwa miaka 10 ameambiwa, kwa adabu, kwamba hahitajiwi.

Sisemi wazee waachwe chini ya mlima unaoporomoka, wala mjane aachwe peke yake kijijini kwa jina la mila. Nasema kuhamisha mwili ni nusu ya kazi. Mzee na aulizwe kabla ya kuhamishwa, si aarifiwe gari likiwa mlangoni. Inapolazimu kuhamisha kijiji, majirani wahamishwe pamoja na kupewa viwanja karibu karibu. Nyumbani apewe jambo ambalo lisipofanywa na yeye halifanyiki. Apewe nauli ya kurudi kwao kuzika, kuvuna, na kuhudhuria imbalu katika mwaka wa tohara. Na swali la mahali atakapozikwa lisiepukwe. Lijibiwe mapema, ili alale.

Kwa mama yangu tulichelewa, ila hatukukosa kabisa. Alipewa kipande cha ardhi kando ya tangi la maji, akapanda maharagwe. Tulimtafuta mama mmoja wa kwetu auzaye ndizi sokoni, wakawa wakizungumza kila Jumamosi. Kila msimu wa mavuno alikwenda kwao. Hakurudi kuwa yule wa zamani, wala sidai hivyo. Lakini alianza kula, na siku moja nilimsikia akimkaripia mjukuu kwa sauti ya kijijini. Nilifurahi kama niliyepewa cheo.

Kwetu sisi walimu iko sehemu ya kazi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Vizuri. Lakini Kiswahili hakitaifuta lugha ya mama mzee, wala hakipaswi. Basi tuwape wanafunzi zoezi hili: kila mmoja amwendee mzee aliyehamia mtaani kwake, amwamkie kwa lugha ya mzee, aulize methali moja ya kwao na maana yake, kisha aiandike kwa Kiswahili. Mwanafunzi atapata alama. Mzee atapata mtu wa kumfundisha, na hilo ndilo jembe lake.

Na mtu akisema tena mbele yetu, "Aa, atazoea," tumsahihishe kama tusahihishavyo kosa la sarufi: si atazoea, ndugu, tutazoeana.