Fundi, Bakiza Udongo

KUTOKA NGAMIANI
Na Mwanahamisi Bakari

Kaskazi ya mwaka huu imegongana na mwezi wa Shaaban, na Ngamiani hakuna Jumamosi isiyo na harusi. Mwezi wa Ramadhani unatarajiwa kuandama wiki ya tatu ya Februari, kwa hiyo kila aliyekubaliwa posa anakimbizana nao: nikaha kwanza, vunja jungu baadaye, kufunga mwisho. Jua nalo halitaki mchezo. Mchana ni nyuzi 32, 33, usiku shuka inanata mwilini, na ule upepo wa bahari wanaousifia wakazi wa Raskazone, huku kwetu kwenye barabara za namba unafika umeshachoka.

Msimu huu ndio unaoonyesha nyumba ipi ina ua na ipi imebaki na ujia wa nyuma tu. Mtaani kwetu, nyumba baada ya nyumba, uani pamemwagwa zege au pamelazwa pevingi kutoka ukuta hadi ukuta. Palipokuwa na mwembe pamebaki kiraka cha saruji. Palipokuwa na jiko la nje pamesimama vyumba viwili vya kupangisha. Ukimuuliza fundi anasema ndivyo mwenye nyumba alivyoagiza. Ukimuuliza mwenye nyumba anataja usafi. Nina neno langu na huo usafi.

Wasio wa Tanga niwaeleze kidogo. Nyumba zetu za Ngamiani nyingi ni zile za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na mwisho wa ukumbi mlango wa uani. Barazani ni pa wanaume, kahawa na bao. Uani ndiko nyumba inakoishi. Kuna jiko, choo, kisima kama Mungu amekujalia, kamba ya nguo, kuku wawili watatu, na mti. Mti ulikuwa lazima. Mama mkwe akija kukaa mwezi mzima, anakaa chini ya mti huo, na ndani ya nyumba mnapata nafasi ya kupumua.

Kuzunguka mti kulikuwa na vile vitu ambavyo hakuna aliyeviita bustani. Mndimu. Mpilipili uliojiotea wenyewe baada ya ndege kula na kutupa. Mchaichai pembeni ya bomba, kwa sababu unapenda maji yanayovuja. Matembele yanayotambaa hadi kwa jirani, na jirani anayachuma bila kuuliza. Mbilimbi, ambao matunda yake ukitia kwenye mchuzi wa samaki huhitaji tena ukwaju. Na kwa nyumba yenye mabinti, mhina, mrihani na asumini.

Hapa kwenye asumini na mhina nitakaa kidogo, maana harusi zimetuzunguka. Asumini inachanua jioni. Wasichana walikuwa wanachuma matumba kabla hayajafunguka, wanatunga kwenye uzi, na kufika wakati wa kumtoa bibi harusi ua limefunguka shingoni mwake na chumba kizima kinanukia. Vikuba navyo vilifungwa hapo hapo, mrihani na asumini na kilua kama kimepatikana. Mhina ulichumwa, ukaanikwa kivulini, ukatwangwa, ukachungwa, ukakorogwa na ndimu ya mti wa pembeni yake. Leo tunanunua piko dukani, rangi nyeusi iliyotengenezwa kwa ajili ya nywele, tunampaka mwari mikononi na miguuni, na wiki ya fungate anaimalizia akijikuna malengelenge. Mwenye ngozi laini inamwachia kovu. Wakati huo huo shina la mhina lililong'olewa kupisha pevingi halikuwa limemdhuru mtu.

Sasa tuje kwenye chakula, ambacho ndicho kilichonikalisha kuandika.

Shughuli inayopikwa uani inaanza usiku wa kuamkia siku yenyewe. Jamvi linatandikwa, gunia la nazi linamwagwa, na kila mwanamke anakuja na mbuzi yake chini ya kwapa. Wali wa nazi wa watu wengi una hesabu yake: nazi moja kubwa kwa kilo ya mchele, mbili ukitaka mgeni ajue kuwa amekula wali wa Tanga. Nazi zikishakunwa zinakamuliwa kwenye kifumbu, tui zito linawekwa kando, la pili na la tatu ndilo la kuchemshia. Anayesimamia tui haachwi peke yake, maana tui linajulikana kupungua. Mchele unachaguliwa kwenye nyungo, na hapo kwenye nyungo ndipo habari zote za mji zinapochaguliwa pia: nani kaachika, nani kapata kazi bandarini, nani mchango wake haujafika mpaka sasa na kesho atakaa mstari wa mbele.

Pilau, kwa desturi yetu, wanapewa wapishi wanaume, nao wanakuja na majivuno yao. Wanapanga mafiga yao, hawataki kuulizwa. Kitunguu kinakaangwa mpaka kiwe na rangi ya ngozi ya tende, nyama inaingia, kisha viungo. Tunasahau kwamba viungo vyenyewe ni vya nyumbani. Iliki, mdalasini na pilipili manga vinashuka kutoka Amani na vijiji vya Usambara Mashariki, juu ya Muheza, mahali ambapo Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902 na kuleta miche kutoka kila pembe ya dunia kuona nini kitakubali. Vingi vilikubali. Vikahama kutoka mashamba ya majaribio, vikaingia kwenye mashamba ya watu, na hadi leo mama wa kijijini kule anashuka na kifuko cha iliki ili arudi na karo.

Lakini ufundi wa pilau na wali uko kwenye kupalia. Maji yakikauka moto wa chini unapunguzwa, makaa yanazolewa kwa koleo na kumwagwa juu ya kifuniko, na sufuria linaachwa liive kutoka juu. Hapo wapishi wananyamaza. Mmoja anainamisha sikio, anasikiliza. Anayejua anasikia wali unapoacha kutokota na kuanza kukauka. Watoto wote wanajua kinachofuata, wamekwisha kujipanga kusubiri ukoko.

Linganisha na harusi niliyohudhuria majuzi ukumbini. Jina la ukumbi nalihifadhi. Chakula kilikuja kwenye maboksi, wali umepoa, kipande cha kuku kimejibanza pembeni. Saa sita usiku taa zote zikawashwa, muziki ukakatwa, na mlinzi akaanza kukusanya viti bibi harusi angali amekalia chake. Sikulala na njaa, na wenye shughuli sikuwalaumu, walikwisha kulipa na walitegemea kupata walicholipia. Kilichoniuma ni shangazi wa bibi harusi. Mwanamke huyu biriani yake inajulikana kutoka Chumbageni hadi Mabawa. Alikaa meza ya nyuma, sare imemkaa vizuri, mikono mapajani, anasubiri kuletewa boksi. Hakuna aliyemuomba hata akaonje chumvi.

Tusisahau pia kwamba mji huu ulikuwa na taarabu ya kusikilizwa nje. Black Star na Lucky Star ni za hapa hapa, na Shakila Saidi, mtoto wa Pangani, aliimba na Black Star kabla sauti yake haijaenea nchi nzima. Turubai, mikeka, gitaa, na aliyeguswa na ubeti anainuka kwenda kutuza. Muziki wa namna ile unataka nafasi na hewa, na watu wasioangalia saa ya ukumbi.

Najua watakaonijibu, maana wamekwisha kunijibu mtaani. Wa kwanza watasema uani kulikuwa ni kuvunja wanawake migongo. Kweli kabisa. Mama zetu walikuna nazi usiku kucha, wakapika alfajiri, wakaosha masufuria jioni, na kwenye picha za harusi hawamo. Moshi wa kuni uliwaharibu macho na vifua. Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mimi niko upande huo. Majiko makubwa ya gesi ya shughuli yapo, yanakodishwa. Nazi inakunwa kwa mashine sokoni Mgandini wakati unachagua nyanya. Atakayesema wali wa gesi hauna ladha, mwambie akapulize moto wa makumbi yeye kwa saa tatu, kisha aje tuzungumze. Moshi uondoke. Ila jiko la gesi haliwekwi sebuleni kwa sufuria la kilo ishirini, linataka uani. Na wanaume wanaopika pilau wanaweza kuosha sufuria la pilau. Hilo halihitaji mkakati wa taifa.

Wa pili watasema kodi. Vyumba viwili uani vinasomesha mtoto. Hapa sina ubishi mkubwa, maisha yanajulikana. Ninachoomba ni kipimo. Jenga chumba, bakiza robo. Mpangaji mwenyewe atakushukuru mwezi wa pili, chumba cha bati kinapokuwa hakikaliki tangu saa nne asubuhi na kivuli pekee ni cha ukuta wa choo.

Wa tatu ndio hawa wa usafi. Majani ya mwembe yanachafua, udongo unaleta tope wakati wa masika. Waniambie basi maji ya masika yaliyokuwa yakinywewa na ua wao sasa yanakwenda wapi. Yanatoka mlangoni mwao, yanaingia barabarani, yanakuja kwangu. Aprili na Mei Tanga hainyeshi kwa kubembeleza. Uani pakiwa zege mtaa mzima, kila bati linamwaga maji kwenye sakafu, kila sakafu inayasukuma nje, na mtaro uliochimbwa zamani kwa nyumba zenye udongo hauwezi. Halafu kaskazi ikifika tunalalamika kisima kimekauka. Maji ya kisima yanatoka juu kwanza. Majani ya mwembe nayo yanafagiliwa kwa dakika chache, na mwembe unalipa: dodo, bolibo, sindano, na kabla hazijaiva, mbichi kwa chumvi na pilipili, na zinazodondoshwa na upepo zinakwenda kwenye achari itakayoliwa mpaka mwezi wa mfungo.

Kuna kisa cha kale cha upande wetu ambacho wenyeji wachache wanakitaja. Aprili 1498 meli moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye fungu karibu na Mtangata, ndiyo Tongoni ya leo, kwenye njia ya Pangani. Wenyeji waliwaendea na vyombo viwili, kimoja kimejaa machungwa, na aliyeandika habari za safari ile alikiri kwamba yalikuwa bora kuliko ya kwao Ureno. Mwaka uliofuata, Januari, Wareno wakarudi hapo hapo, wakaichoma meli ile wenyewe kwa kukosa mabaharia wa kutosha. Hayo ya meli ni yao. Mimi nashikilia machungwa. Mgeni kakwama mlangoni, humjui, hujui kaja kwa heri au kwa shari, na cha kwanza unachompelekea ni tunda. Mtu hawezi kufanya hivyo kama kila tunda analinunua. Leo mgeni akinijia saa saba za mchana namkorogea maji ya ndimu, na ndimu ninayoichuma naikamua bila kufikiri. Ya kununua, tena kwa bei hii ya kuelekea Ramadhani, mkono unakuwa mzito. Ninajikuta namuuliza mgeni kama soda itamtosha.

Basi kwa anayejenga au kukarabati msimu huu, maneno yangu ni machache. Mwambie fundi abakize robo ya ua bila kuimwagia kitu, upande maji ya bati yanakodondokea. Kama nafasi ni ndogo usipande mwembe, utagombana na msingi wako na wa jirani. Panda mndimu au mkomamanga. Mpapai ni wa mwenye haraka. Mchicha usiujaribu kaskazi hii kama huna maji ya kumwagia asubuhi na jioni, subiri mvua. Maji ya kuoshea mchele na ya kusuuzia vyombo yasiyo na sabuni nyingi yanatosha kuufikisha mche kwenye masika. Shinani zungushia makumbi ya nazi, ndani kukiangalia chini, yanashika unyevu na kuku hawachakuri. Baada ya shughuli za wiki hizi makumbi yamejaa kila kona, wenyewe wanatafuta wa kuwaondolea.

Aliyekwisha kumwaga zege yote asikate tamaa. Ndoo iliyopasuka, toboa chini, jaza udongo na chicha iliyooza, weka ukutani mahali panapopata kivuli mchana. Mpilipili na mrihani haviulizi kama chini ni pevingi. Matembele nayo hayataki mbegu, yanataka marando tu, na kwangu yamejaa mpaka yanapanda ngazi. Machi mvua zikianza ninakata. Atakayetaka aje na mfuko wake, apitie mlango wa uani.