Mafuta ya kitani hukinga chuma, lakini chunga tambara lake

KATIKA mitaa mingi ya mijini, vyuma ndivyo vinavyotangulia kuzeeka: geti, grili za madirisha na bawaba za milango. Mvua za msimu mmoja hutosha kuacha madoa mekundu. Nao wakazi wa Mombasa na Malindi wanajua kwamba penye upepo wa chumvi, kutu haingoji mvua.

Wengi wetu hukimbilia rangi mpya. Hata hivyo, kuna njia ya gharama ndogo ambayo mafundi wameitumia kwa miaka mingi: mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Dukani uliza linsidi.

Mafuta haya hukamuliwa kutoka kwa mbegu za kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Ingawa huitwa "yaliyochemshwa", yale yanayouzwa siku hizi kwa kawaida hutiwa tu dawa za madini, kama vile kobalti au manganizi, ili yakauke upesi. Yale mabichi huweza kuchukua majuma kadhaa. Haya huchukua siku 1 hadi 3 hivi.

Kukauka kwake si kama kukauka kwa maji. Maji hugeuka mvuke na kwenda zake. Mafuta ya kitani hubaki pale pale, yakavuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka utando mgumu. Utando huo ndio unaozuia unyevu usikifikie chuma. Likumbuke jambo hilo, kwa maana ndilo lenye faida na ndilo lenye hatari.

Ukitaka kukinga chuma, iwe ni grili, panga au jembe, fanya hivi. Kwanza, sugua kutu kwa brashi ya waya au msasa, kisha ufute vumbi lote. Pili, anika chuma juani mpaka kikauke kabisa na kipate joto kidogo, kwa kuwa mafuta yakipakwa juu ya unyevu huufungia ndani. Tatu, paka mafuta kidogo kwa tambara safi. Ngoja dakika 15 au 20, halafu ufute yote yaliyobaki juu. Kosa linalofanywa na wengi ni kupaka mengi. Mafuta mazito hujikunja, yakabaki yakinata na kushika vumbi. Afadhali kupaka mara 2 au 3, kidogo kidogo, kila mpako ukikauka kabla ya mwingine.

Usitarajie miujiza. Chuma kinachonyeshewa kitahitaji kupakwa tena mara kwa mara, na kile kilicholiwa na kutu mpaka kikatoboka kinamhitaji fundi wa kuchomelea.

Rangi ya mafuta iliyopauka, mathalan ya mlango wa zamani, pia hufaidika. Ioshe kwa sabuni na maji, iache ikauke, kisha upake mafuta kidogo na kufuta. Rangi itarudisha mng'ao, na ule ungaunga unaoshika mkononi utatulia. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa kuwa mafuta haya hugeuka manjano na yanaweza kuharibu rangi nyeupe. Usiyapake juu ya rangi ya maji, wala mahali penye giza na unyevu, kwani huota ukungu. Na kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, usizisugue kwa msasa zikiwa kavu. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa sababu ya zile dawa za kukausha, usipake mafuta haya kwenye sufuria, karai wala chombo chochote cha chakula.

Sasa tuje kwenye tambara. Mafuta yanapovuta oksijeni hutoa joto. Kwenye geti, joto hilo hupotea hewani. Katika tambara lililokunjwa na kutupwa pembeni, joto hukosa pa kutokea, likaongezeka saa baada ya saa, hata tambara likawaka lenyewe bila kiberiti wala cheche.

Si hadithi za kutishia watoto. Mnamo Februari 23, 1991, jumba la One Meridian Plaza lenye ghorofa 38 mjini Philadelphia, Marekani, lilishika moto. Chanzo kilikuwa matambara yenye mafuta ya kitani yaliyoachwa na mafundi katika ghorofa ya 22. Moto uliwaka kwa muda wa saa 19 hivi, na wazima moto watatu wakafariki. Jumba lenyewe halikutumika tena. Lilibomolewa mwaka wa 1999.

Kwa hivyo, kabla hujanawa mikono, lishughulikie tambara. Litandaze lote nje, mbali na ukuta na nguo nyingine, mpaka likauke na kuwa gumu kama ubao. Hapo waweza kulitupa. Ama litumbukize ndani ya mkebe wa bati uliojaa maji na uufunike. Usilirundike chini ya ngazi, usilitie katika mfuko wa plastiki, wala usiliache kwenye ndoo ya taka jikoni.

Ukimwita fundi akufanyie kazi hiyo, muulize jambo moja kabla hajaondoka: matambara umeyaweka wapi?