Disketi za zamani na mashini mpya: tuziwekee mlango, au tuache?

Juma lililopita tuliongea habari ya kutunza mchele usiingiliwe na wadudu. Juma hili tuongee habari ya kutunza kitu kisicholiwa, lakini kikioza kinaleta ugomvi nyumbani: maandishi ya kikundi.

Swali limetoka kwa kikundi kimoja cha Mikelenge. Wamama hao walichanga feza zao pole pole, wakamwomba kijana wa mmoja wao awatengenezee ordinatere, au kompyuta kama wanavyosema wenzetu wa Tanzania. Hawakununua mashini iliyo tayari. Kijana alitafuta vipande kimoja kimoja: kasha kutoka kwa fundi huyu, kadi mama kutoka kwa yule, skrini kutoka kwa mchuuzi aliyeileta na ndege toka Goma. Mafundi wetu wengi wanafanya hivyo, na mashini zao zinadumu.

Kazi ilipofika karibu na mwisho, kijana akauliza: «Wamama, niwekee na mlango wa disketi, au niache?» Hapo kikao kikagawanyika. Mtunza feza akasema lazima uwekwe. Vijana waliokuwa wanasaidia wakacheka, wakasema kitu hicho ni cha mababu. Prezida akanitumia ujumbe: «Mama, tuamulie.»

Nilikwenda kuwasikiliza. Nikakuta kwamba mtunza feza hakuwa anapenda vitu vya zamani bure. Mbele yake palikuwa kopo la biskuti, ndani yake disketi 11. Hizo ndizo kumbukumbu za kikundi tangu miaka ya vita, wakati reli ilikuwa imekatika na karibu kila kitu kilifika Kindu kwa ndege au kwa baiskeli. Wakati ule walikuwa wanapeleka daftari lao kwenye kibanda cha kuandikisha na fotokopi, kijana wa kibanda anaandika kwenye mashini, halafu anawapa disketi waende nayo nyumbani. Daftari lenyewe lililiwa na mchwa. Na mwaka 2003 walinunua parsele kwa feza za pamoja. Leo jamaa mbili zinadai kwamba mama zao walitoa mchango, na hakuna karatasi ya kuonyesha nani alitoa na nani hakutoa. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, lakini limefungiwa ndani ya disketi, na mlango wa kulisoma haupo.

Basi niwape jibu langu tangu sasa, halafu nieleze. Mlango wa disketi hauna tena nafasi ndani ya mashini mpya. Lakini disketi zenyewe msizitupe kabla ya kuzisoma. Hayo ni mambo mawili, na wamama walikuwa wanagombana kwa sababu waliyachanganya kuwa moja.

Kwanza, kwa binti zetu ambao hawajaiona: disketi ni kibao cha plastiki cha mraba, ukubwa wa kiganja, na ndani yake kuna duara jembamba kama karatasi, lililopakwa dawa ya sumaku. Kampuni ya IBM ndiyo ilianza kuziuza mwaka 1971, na zile za kwanza zilikuwa kubwa karibu kama sahani. Hii ndogo tunayoijua ilitoka kwa Sony mwaka 1981. Inabeba megabaiti 1.44 tu. Picha moja ya simu ya leo mara nyingi haienei ndani yake. Flashi ndogo ya gigabaiti 8, ile mtoto anaining'iniza shingoni akienda masomo, inabeba vitu vya disketi zaidi ya 5,000.

Zamani mlango huo ulikuwa na kazi kubwa. Mtu akiunganisha mashini nyumbani, disketi ndiyo iliyoiamsha mara ya kwanza kabla diski ngumu haijawekewa kitu. Hata wakati wa Windows XP, kama diski yako ilikuwa ya aina mpya ambayo programu haikuijua, ilibidi uingize disketi ili uitambulishe. Ndiyo sababu mafundi wa umri wa makamo bado wanauliza swali hilo: mikono yao imezoea. Lakini kazi hizo zote sasa zinafanywa na flashi. Dunia nayo ilianza kuacha zamani. Apple ilitoa iMac bila mlango wa disketi mwaka 1998, watu wakashangaa. Sony, waliozaa disketi hii ndogo, waliacha kuziuza kwao Japani mwaka 2011. Serikali ya Japani ilichelewa zaidi. Ni mwaka 2024 tu ilipomaliza kufuta sheria zilizodai watu walete karatasi zao kwa disketi. Kwa hiyo tusione haya. Wakubwa pia walikuwa na kopo lao la biskuti.

Pili, tuangalie mfuko. Kijana aliniambia kwamba mlango wa disketi, waya wake, na kazi ya kutafuta ulio mzima, vinakula karibu sawa na kuongeza kumbukumbu ya mashini. Wamama, tumia feza hiyo kwa kumbukumbu. Au tumia kwa kifaa cha kulinda mashini umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu. Hapa kwetu hilo linaua mashini kuliko uzee. Mlango wa disketi utatumika mara moja, kisha utakaa pale unakusanya vumbi. Zaidi ya hapo, hewa yetu ya kando ya Lualaba ni ya majimaji, na kichwa cha kusomea kinaharibika kwa kukaa tu.

Tena kuna jambo ambalo vijana hawakulisema. Mara nyingi hata ukitaka, huwezi. Mlango wa disketi wa ndani unahitaji kushikwa kwenye kadi mama, mahali penye safu mbili za pini, nafasi 34. Kadi mama mpya hazina tena mahali hapo. Za zamani bado zinapo. Kabla hujalipa mtu kwa ajili ya mlango, mwambie afungue kasha akuonyeshe hizo pini kwa macho yako.

Kwa bahati, mashini ya wamama wa Mikelenge imejengwa juu ya kadi mama ya zamani, na pini zilikuwepo. Ndipo tukapata njia ya kati. Kijana aliazima mlango wa disketi kutoka kwa fundi wa Kasuku ambaye ana mashini mbovu nyingi. Akaufunga kwa mchana mmoja tu, kasha likiwa wazi, tukasoma disketi zote, halafu akaufungua akaurudisha. Mlango ule ulikuwa mgeni wa siku moja. Kikundi hakikuununua.

Disketi 11, tulifungua 7. Tatu zilikataa kabisa, mashini inalia tu kama panzi. Moja ilikuwa na ukungu mweupe, hatukuthubutu kuiingiza. Mtunza feza alikaa kimya tangu ya kwanza, mkono kwenye shavu. Disketi ya sita ndiyo ilikuwa na orodha ya parsele: majina 14, na mbele ya kila jina kiasi alichotoa. Jamaa moja kati ya zile mbili, jina la mama yao limo. Amekwisha kufa, na watoto wake hawakuwa na hata karatasi moja. Jamaa ya pili, jina la mama yao halimo kwenye orodha ile. Lakini sikutaka kikundi kiwahukumu siku ileile, kwa sababu orodha ya mwaka uliofuata inaweza kuwa katika zile tatu zilizokataa. Wamama waliamua kuwaita na kuongea nao, kwa ushahidi wa wazee waliokuwepo. Ugomvi haujaisha, lakini sasa una pa kuanzia.

Hapo mnaona hasara ya kungoja. Disketi ikitunzwa vizuri inaweza kukaa miaka 10, 20, hata zaidi. Lakini za kwetu zimekaa kwenye joto, kwenye unyevu, juu ya kabati karibu na spika za redio zenye sumaku. Kila msimu wa mvua unakula kitu. Tunasema akiba haiozi. Hii inaoza, na haitoi hata harufu.

Kama kikundi chako, parokia, msikiti au shule yako ina disketi mahali, fanyeni hivi.

Kusanyeni zote mahali pamoja, mziandike namba kwa kalamu juu ya karatasi yake. Msizioshe, msizianike juani.

Sukuma pole pole kile kifuniko cha chuma na utazame duara la ndani. Ukiona madoa meupe au ya kijivu, iweke pembeni. Ukungu utachafua kichwa cha kusomea, na kichwa kitaharibu disketi zinazofuata.

Geuza disketi utazame kidude kidogo cha plastiki kwenye pembe. Kisukume mpaka tundu lionekane wazi. Hapo mashini inaweza kusoma tu, haiwezi kuandika wala kufuta.

Usiiache disketi ndani wakati mashini inawaka. Virusi vya zamani vilikuwa vinaingia kwa njia hiyo.

Mashini ikisema disketi haijatengenezwa na kuuliza kama iitengeneze, jibu hapana. Swali hilo limekwisha kupotezea watu wengi kazi yao. Ukisema ndiyo, umefuta. Itoe, jaribu tena, au jaribu kwenye mlango mwingine. Mara nyingi disketi inayokataa hapa inakubali kule.

Nakili kila kitu kwanza, soma baadaye. Usianze kufungua faili moja moja ukiwa na furaha, wakati disketi inazunguka na kuchoka. Maandishi ya Word na hesabu za Excel za zamani yanafunguliwa vizuri na LibreOffice, ambayo haidai malipo.

Na kama kadi mama yako haina pini? Upo mlango wa disketi wa nje, unachomekwa kama flashi. Haumtaki fundi, na unafanya kazi hata kwenye mashini ndogo ya kukunja. Usiununue peke yako. Vikundi vitano au sita vikichanga, mmoja unatosha Kindu nzima: unazunguka kama sufuria kubwa ya arusi, kila mmoja anautumia siku yake na kuurudisha safi. Wachuuzi wanaokwenda Goma au Kampala wanaweza kuagizwa. Jaribuni kwanza na disketi isiyo na thamani kabla ya kumlipa.

Mkiisha kuokoa maandishi, msirudie kosa la kwanza. Flashi nayo ni kitu cha kupotea. Mtoto anaipeleka masomo, inarudi na sinema. Wekeni nakala tatu: moja ndani ya mashini, moja kwenye flashi inayokaa nyumbani kwa mama mwingine, si kwa yuleyule mwenye mashini, na moja kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi. Orodha ya wachangiaji, kikaratasi cha parsele, hesabu ya likelemba ya mwaka, chapisheni, wamama watatu waweke sahihi, ifungwe ndani ya plastiki na kuwekwa mbali na mchwa. Karatasi haiulizi pini ngapi.

Na kila mwaka, siku mnapofunga hesabu, fungueni zile faili mbele ya wote muone kama bado zinafunguka. Dakika kumi zinatosha. Wamama wa Mikelenge wamekwisha kuiandika katika sheria zao.

Kwa yule mtunza feza niseme neno moja. Vijana walimcheka kwa sababu ya kopo la biskuti. Lakini kama si yeye kulibeba kopo lile nyumba hadi nyumba wakati wa hatari, leo tungekuwa na mashini nzuri yenye kumbukumbu kubwa, na hakuna la kukumbuka. Alikosea kuhusu mlango tu.

Nakuomba, mama msomaji: kabla ya mvua kurudi, panda juu ya kabati ukatazame. Ukikuta disketi, lete habari kwenye mkutano wa juma lijalo, tuhesabu ni vikundi vingapi vinahitaji mlango wa nje ili tuchange pamoja. Tukutane tena, na wasalimieni watoto.