Mlingoti wa Antena Uani si Ushahidi wa Uhalifu

Yako mambo ambayo askari huyatazama kwa macho ya kazi yake hata akiwa likizoni, na waya mrefu ulionyoshwa juu ya ua wa raia ni mojawapo. Apitaye katika mtaa wa Yoba, hapa Gitega, huona juu ya mabati antena za televisheni, masahani ya setilaiti na kamba za nguo, wala hapana ashangaaye. Walakini mkazi akisimamisha mti wa mkaratusi wenye urefu wa mita saba, kisha akatundika waya wa shaba kutoka mti huo hadi mparachichi ulio upande wa pili wa ua, minong'ono huanza siku ile ile. Aghalabu minong'ono hiyo huishia katika masikio ya polisi.

Siwalaumu wanong'onao. Nchi iliyopita katika vita vilivyoanza mwaka 1993 haiwezi kutazama kila chombo cha mawasiliano kama mchezo wa watoto. Tena hofu ya askari juu ya mlingoti ni ya zamani kuliko sisi sote. Tarehe 8 Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa haijatimiza hata majuma mawili, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea iliipiga Dar es Salaam kwa mizinga, na shabaha yake ilikuwa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Ajuaye thamani ya mlingoti wa adui hawezi kuupita wa raia bila kugeuza shingo. Ninachokipinga mimi ni hukumu itolewayo kabla ya swali.

Redio ya ridhaa ni nini? Ni kazi ya mtu anayejifunza ufundi wa mawasiliano kwa kupenda, bila ujira, akizungumza na wenzake walio mbali kwa mtambo wake mwenyewe. Haikuanza jana wala si ya uchochoroni. Shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano limeitengea masafa yake, na Kanuni za Redio za kimataifa, katika kifungu cha 25, zinakataza mwanaredio wa ridhaa kuficha maana ya maneno yake anapozungumza na nchi nyingine. Hapana budi ajitambulishe kwa ishara yake ya wito. Ishara za Burundi huanza na 9U, za Tanzania 5H, za Rwanda 9X. Hata ule mlio wa Morse ambao wengi huudhania kuwa fumbo ni herufi tu, zijulikanazo duniani kote. Katika nchi yetu masafa husimamiwa na ARCT, na mtu asiye na leseni hana haki ya kurusha hata neno moja. Hapo sina huruma naye.

Miongoni mwa waliokuwa na shauku hiyo alikuwa Mfalme Hussein wa Jordan, amiri jeshi na rubani, aliyesikika hewani kwa ishara ya JY1 hadi alipofariki mwaka 1999. Namtaja kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba waya juu ya paa ni jambo la wahuni.

Sasa niseme nililoliona. Miaka michache iliyopita nilikuwa mgeni katika mji ambao sitautaja. Kijana mmoja, fundi wa redio, alikuwa na mlingoti wa mabomba ya chuma wa mita tisa, ukishikiliwa na nyaya tatu. Jioni moja, wingu likiwa limekwisha kutanda, askari wawili waliingia uani na kumwamuru aushushe papo hapo.

"Afande, naomba niwaoneshe karatasi, kisha nimwite mtu wa kunisaidia," kijana alisema.

"Shusha kwanza. Karatasi baadaye."

Alilegeza waya mmoja. Nyaya mbili zilizosalia zikauvuta mlingoti upande wao, kama ilivyo tabia ya kitu chochote kilichovutwa pande tatu na kuachiwa upande mmoja, nao ukaangukia jiko la jirani. Mabati mawili yalipasuka na chungu cha maharage kikamwagika. Mwenye jiko, mama wa makamo, alikuwa ametoka muda ule ule kuchukua kuni. Karatasi haikusomwa hata hiyo baadaye.

Nikisema kweli yote, kijana naye hakuwa safi. Nyaya zake alizifunga kwenye vipande vya nondo vilivyogongwa katika udongo laini, na mlingoti wake ulikuwa hatua nne tu kutoka nyaya za umeme za barabarani. Lau ungeangukia upande ule, tungalizika mtu. Askari hakuligundua hilo, ingawa ndilo lililokuwa kosa la kumwajibisha. Yeye alikuwa akitafuta jasusi.

Ndiyo maana nashika kalamu. Yafaa askari wetu waijue antena, ili wakiingia katika ua wa raia watambue lipi ni hatari na lipi si hatari. Mlingoti hausemi neno. Kinachosema ni mtambo ulio mezani. Kama yupo mtu anayerusha bila leseni, mtambo uzimwe, waya wake wa umeme uchomolewe, ARCT ijulishwe. Chuma kilichosimama kinaweza kungoja asubuhi, watu watatu na kamba imara. Kukishusha usiku wakati wa upepo ni kuongeza hatari ambayo haikuwapo.

Kwanza, urefu. Wengi wanaamini kwamba anayetaka kusema mbali sharti ajenge juu, na kwa hiyo mlingoti mfupi ni wa mjinga na mrefu ni wa mtu mwenye siri. Katika vilima vyetu mambo si hivyo. Kutoka Gitega hadi Muyinga ni kama kilomita 80 kwa mstari wa kunyooka, na katikati kuna milima isiyohesabika. Redio ndogo ya mkononi, ile ya masafa ya juu sana, mawimbi yake huenda kama risasi: yakikuta kilima, yamekwama. Lakini mawimbi ya kiasi cha megahezi 7 yaweza kurushwa kama kombora la mota. Antena ikiwekwa chini, mita tano hadi kumi tu kutoka ardhini, nguvu zake nyingi huelekea juu mbinguni. Huko, kilomita mia mbili na zaidi, hukuta tabaka la hewa iliyochajiwa na jua, nazo hurudishwa chini na kunyesha kama mvua juu ya vilima na mabonde, mahali pa karibu na pa mbali, hadi kilomita mia kadhaa. Jeshi la Marekani lilichunguza sana jambo hili katika misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia miaka ya 1960. Askari wa mawasiliano aliyewahi kuikunja fimbo ya antena ya gari kwa nyuma ili asikike ng'ambo ya mlima ameitumia elimu hii, hata kama hakuelezwa sababu yake.

Basi kwa mkazi wa Yoba anayetaka kuzungumza na mwenzake wa Muyinga, hakuna haja ya mnara. Waya wa mita 20, uliokatwa katikati na kuunganishwa na kebo hapo katikati, watosha. Kipimo chenyewe hupatikana kwa kugawanya 143 kwa hesabu ya megahezi. Kwa megahezi 7.1 ni mita 20 na kidogo. Fundi mwerevu hukata waya mrefu zaidi kidogo, kisha hupunguza, kwa kuwa waya uliokatwa haurefuki. Usiku, tabaka lile likidhoofika, atahitaji masafa ya chini zaidi na waya wa mita 40, na hapo ndipo viwanja vya mjini vinapoanza kuwa vidogo.

Mnara una mahali pake: ni kwa yule anayetaka kuifikia Ulaya au Japani kwa megahezi 14 na zaidi, mwenye antena ya fito nyingi inayozungushwa. Lakini mnara una gharama kubwa, na gharama yake haiishi siku ya kuusimamisha.

Mti wa mkaratusi ni rafiki wa maskini, lakini mchwa humaliza kitako chake chini ya ardhi huku juu ukionekana mzima. Kwa hiyo ni bora kitako kisichimbiwe kabisa, bali kifungwe kwa bolti katika vyuma viwili vilivyosimikwa katika zege. Ukiuchimbia, upakwe oili chafu na uchunguzwe kila mwaka kwa kuchoma kisu usawa wa ardhi. Kamba ya katani hujikaza ikilowa na kulegea ikikauka; ya nailoni huliwa na jua. Waya uliofungwa kwenye mti ulio hai nao utakatika siku ya upepo wa kwanza, usipopitishwa katika kapi na kuning'inizwa jiwe ili uwe na nafasi ya kucheza.

Kwa mlingoti wa mita kumi, nanga za nyaya zake ziwe mita sita hadi nane kutoka kitakoni, kwa pande tatu zilizolingana. Mtu akipima uwanja wake hapa Yoba atagundua mara moja kwamba nanga moja itaingia kwa jirani. Ni wajibu akamwombe jirani huyo kwa adabu, wala asipitishe waya juu ya ukuta usiku. Nyaya hizo zifungwe vitambaa vyeupe kwa urefu wa mtu, maana mtoto akimbiaye gizani haoni waya wa shingoni. (Kina mama huziona upesi sana, na kuanika vitenge juu yake, mwenye mlingoti asikasirike, bali awatafutie kamba nyingine.)

Kuhusu umeme, sheria ni moja tu: mlingoti usimame mbali na nyaya za umeme kwa umbali unaozidi urefu wake pamoja na kila kilichofungwa juu yake, ili hata ukianguka usizifikie. Askari yeyote anaweza kulipima hilo kwa hatua zake bila kujua chochote cha redio. Akiona kwamba haitoshi, hapo ana haki ya kuamuru uondolewe, naye atakuwa ameokoa roho.

Iko pia radi, na sisi wa ukanda huu hatuhitaji kuhubiriwa juu ya radi. Uchunguzi wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, katika Kivu ya Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, ikipitwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Kabare iko ng'ambo tu ya mpaka wetu wa magharibi. Mlingoti wa chuma usiounganishwa na ardhi kwa waya mnene na fimbo ndefu za shaba ni mwaliko. Tena fimbo hizo ziunganishwe na zile za umeme wa nyumba, la sivyo radi itapita katikati ya nyumba ikitafuta njia kati ya hizo mbili. Kebo ichomolewe nje ya dirisha mawingu yanapokusanyika, si radi inapokwisha kulia. Ukaguzi wa kamba, bolti na kutu ufanywe kiangazi, kati ya Juni na Agosti, ambapo mvua haimkuti mtu juu. Na apandaye afunge mkanda, awe na mwenzake chini aliye kando, si chini ya nyayo zake.

Kwa nini taifa lihangaike na watu wachache wenye shauku kama hii? Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman na simu zikakatika, kikundi cha wanaredio wa ridhaa kutoka India kilichokuwa Port Blair ndicho kilichopeleka habari za waliosalimika na za waliopotea. Mwaka uliotangulia, mkutano wa redio wa kimataifa ulikuwa umeandika wazi katika kifungu cha 25 kwamba vituo vya ridhaa vyaweza kupeleka ujumbe wa watu wengine wakati wa maafa. Na sisi tunayajua maafa: usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mvua na maporomoko ya udongo viliua makumi ya watu Bujumbura. Kilima kikiporomoka na mlingoti wa simu za mkononi ukazimika, waya wa mita 20 na betri ya gari hubaki kazini.

Hata hivyo, kwa miaka mingi sauti nyingi za 9U zilizosikika ulimwenguni zilikuwa za wageni, waliokuja kwa siku chache wakafungasha milingoti yao wakaondoka. Jeshi na polisi vina mafundi wa mawasiliano wanaostaafu kila mwaka wakiwa na elimu yote hii vichwani. Mimi ningependa kuona wakuu wao wakiwasaidia kuomba leseni kabla hawajavua sare, na vijana wa mitaa wakienda kujifunza kwao kufunga nanga, badala ya kugonga nondo katika udongo laini.

Mara ya mwisho nilipopita kwa kijana yule, mabomba yake yalikuwa yamelazwa kando ya ukuta, kutu ikiyala. Jiko la jirani limeezekwa upya kwa fedha zake. Leseni bado anayo ndani ya bahasha. Aliniambia hajaamua kama atasimamisha mlingoti tena.