Mkulima wa Korosho Alipwe Kwanza: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kilimo

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mtoto wa wakulima wa korosho wa Newala. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mikorosho, na deni hilo ndilo linalonisukuma nikuandikie hadharani kuhusu msimu wa 2018/2019. Wako wanaotamani tuusahau. Sisi wa kusini bado unatukaa moyoni.

Mvutano ulianzia bungeni, Juni 2018. Kabla ya hapo, asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ilirudi kwenye zao lenyewe, kwa pembejeo na utafiti. Sheria ya Fedha ya mwaka ule ikaupeleka ushuru wote Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu, lakini hoja ikapita.

Ikafika minada ya Oktoba. Msimu uliotangulia kilo moja iliwahi kuvuka shilingi 4,000. Safari hii wanunuzi waliandika bei za chini ya 3,000, na wakulima wakagoma kuuza. Wafanyabiashara walisema bei ya dunia imeshuka, na kweli ilikuwa imeshuka. Serikali iliamini wanamnyonya mkulima. Kila upande ukakaza kamba. Tarehe 10 Novemba Rais John Magufuli aliwaondoa Waziri wa Kilimo na Waziri wa Viwanda na Biashara, akaivunja na Bodi ya Korosho. Siku mbili baadaye akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na jeshi litazisomba.

Nisiseme uongo: siku ile kijijini kwetu watu walishangilia. Mama yangu alikuwa na kilo 460 ghalani. Aliziokota kwa mkono wake, akazinyofoa moja moja kwenye mabibo, akazianika mkekani, akachambua na kutoa zilizo nyepesi. Stakabadhi yake aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga. Kila redio iliposema malipo yanatoka, aliifungua, akazitazama zile kilo, akaifunga tena. Mikunjo ikaanza kuchanika, akaishika kwa selotepu.

Waliongoja kama yeye walikuwa wengi. Ulikuja uhakiki: mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa akaonyeshe shamba lake, ili wanunuzi wa kangomba, wanaonunua kwa magendo nje ya mfumo rasmi, wanaswe. Nia ilikuwa njema. Lakini Mheshimiwa, kangomba huzaliwa na njaa ya fedha. Mtu ambaye malipo yake yamekwama, mtoto anadaiwa ada na salfa ya kupulizia mikorosho haijanunuliwa, atamuuzia mwenye fedha mkononi korosho zingali maua, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Ukimchelewesha mkulima, umemkabidhi kwa kangomba uliyekuwa ukimwinda.

Januari 2019 ukasainiwa mkataba na kampuni ya Indo Power Solutions ya Kenya, inunue tani 100,000 kwa takriban shilingi bilioni 418. Mei mkataba huo ukavunjwa. Bei inayotangazwa kwa amri bado inahitaji mnunuzi.

Kiini cha barua yangu ni hiki. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, mfanyabiashara haondoi gunia ghalani kabla hajalipa. Hiyo ndiyo ngao pekee aliyonayo mkulima. Msimu ule korosho zilisombwa kwanza, fedha zikafuata baadaye, na aliyeiruka kanuni ni yule yule mwenye kazi ya kuilinda.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Sheria itamke wazi kwamba korosho ya mkulima haitoki ghalani kabla ya malipo, awe mnunuzi ni tajiri wa nje au ni serikali yenyewe. Pia mgawo wa ushuru wa korosho usiguswe tena kwa kifungu cha sheria ya fedha kabla wakulima hawajasikilizwa.

Najua tumetoka mbali. Salfa imetolewa kwa ruzuku, na minada sasa inaendeshwa kwa mtandao, bei mkulima akiziona kwa macho yake. Tunashukuru kwa dhati. Ila kilichotolewa kwa huruma ya kiongozi huweza kuondoka naye. Kilichoandikwa kwenye sheria humkuta anayekuja.

Mama alilipwa hatimaye, mikorosho ikiwa imeshachanua maua ya msimu mwingine. Hakuwa na ugomvi na matajiri wala na serikali, na hakuna aliyemuuliza lolote walipokuwa wakigombana. Alichokuwa nacho ni karatasi yenye kilo, saini na muhuri, akaiamini kama wengine wanavyoiamini noti. Naomba sheria iifanye karatasi ile istahili imani hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtoto wa mkulima, Newala