Simu iko mkononi, bei iko kwa dalali

KATIKA vijiji vingi hapa nchini si jambo la ajabu siku hizi kumkuta mkulima wa nyanya au vitunguu akiwa na simu janja mfukoni, bando la wiki limo, na jioni baada ya kazi akiperuzi vichekesho, mabao ya mpira na ugomvi wa wasanii hadi chaji inakwisha. Asubuhi yake dalali huingia shambani na kumweleza kuwa Dar es Salaam mzigo umejaa na bei imeanguka. Mkulima hukubali, kwa kuwa hana la kujibu. Dalali naye alikuwa na simu jana jioni, ila yeye aliitumia kupiga Ilala na Mabibo.

Wote wawili wamenunua vocha kwa bei ile ile. Tofauti ni kwamba mmoja amenunua habari na mwingine amenunua usingizi.

Hakuna anayesema mkulima asicheke. Mtu aliyeshika jembe tangu alfajiri ana haki ya kutazama kichekesho. Tatizo ni pale saa mbili zinapopita mtu akisogeza kidole tu, asikumbuke hata alichokitazama, wakati dakika kumi za saa hizo zingetosha kujua mzigo wake una thamani gani sokoni. Na kwa sehemu kubwa kazi hiyo haihitaji simu janja. Kitochi kinatosha.

Faida ya kujua bei mapema imekwishapimwa. Kabla simu za mkononi hazijafika katika pwani ya jimbo la Kerala nchini India, wavuvi walikuwa wakirudi na samaki kwenye ufukwe wa kwao bila kujua kama kuna wanunuzi. Mchumi Robert Jensen, ambaye utafiti wake ulichapishwa mwaka 2007, anaeleza kuwa Januari 14, 1997 wavuvi 11 katika ufukwe wa Badagara walikuwa karibu kumwaga samaki wao kwa kukosa mnunuzi, huku katika masoko ya jirani, ndani ya kilometa 15, wanunuzi 27 wakijiandaa kuondoka mikono mitupu. Simu zilipoanza kufanya kazi pwani hiyo, wavuvi wakawa wanapiga wakiwa bado majini na kuulizia fukwe kadhaa kabla ya kuamua watie nanga wapi. Faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4, na kumwaga samaki kukakoma.

Mfano huo hupendwa sana na wauza simu. Usiopendwa ni wa Niger. Huko nako simu zilienea kuanzia mwaka 2001, na mchumi Jenny Aker alikuta kuwa tofauti ya bei za nafaka kati ya soko moja na jingine ilipungua kwa asilimia 10 hadi 16. Hata hivyo, waliokuwa wakipiga simu hizo ni wafanyabiashara wa nafaka. Utafiti uliofuata, ambao Aker aliufanya pamoja na Marcel Fafchamps, haukuona kwamba bei ya wastani anayolipwa mkulima ilipanda.

Sababu haiko mbali. Mvuvi akisikia ufukwe wa pili una bei nzuri, anageuza chombo. Mkulima hawezi kugeuza shamba. Ana magunia matano sebuleni, barabara ni mbovu, na pengine amekwishachukua fedha ya mbolea kwa yule yule anayekuja kununua. Mkulima wa namna hiyo hata akiambiwa bei ya Kibaigwa kila saa, atauza kwa bei ya aliyemkopesha. Simu humlipa mwenye mzigo pale tu anapokuwa na mahali pengine pa kuupeleka.

Ndiyo maana mfano unaofaa kukumbukwa ni wa hapa nyumbani. Mwaka 2005, kupitia mradi ulioitwa First Mile uliosimamiwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) kwa fedha za Uswisi, vikundi vya wakulima katika baadhi ya wilaya za Tanzania vilianza kuteua watu waliopewa jina la shushushu wa soko. Shushushu huyo alikwenda mjini, akazunguka sokoni kama mnunuzi wa kawaida, akauliza bei, akatazama nani ananunua nini na kwa kiwango gani, kisha akawapigia simu wenzake kijijini. Zama zile simu ilikuwa ghali na mtandao ulipatikana juu ya kilima. Leo mtandao unapatikana jikoni, lakini ni vikundi vingapi vina shushushu?

Kazi yenyewe ni nyepesi. Siku mbili kabla ya kuchuma, mtu mmoja wa kikundi apige simu tatu: kwa muuzaji aliyeko sokoni, kwa dereva au utingo wa lori aliyerudi jana, na kwa mkulima wa kijiji jirani aliyeuza wiki hii. Watu watatu, kwa sababu mmoja anaweza kudanganya na wawili wanaweza kuwa ndugu. Asiulize bei peke yake. Aulize tenga linalotumika ni la ukubwa gani, malori mangapi yameingia tangu jana, na aina ipi inatoka haraka. Majibu yakishapatikana yaandikwe kwa ujumbe mfupi na kusambazwa kwa wanakikundi usiku ule ule, ili dalali atakapofika asubuhi akute shamba zima linajua jambo moja.

Hapo inahitajika tahadhari, maana wakulima wengi wakisikia bei ya Dar es Salaam hudhani tofauti yote imeliwa na dalali. Si hivyo. Kati ya Ilula na Ilala kuna nauli ya lori, upakiaji, ushuru, kamisheni ya sokoni na nyanya zinazopondeka njiani. Kikokotoo kimo ndani ya kila simu, hata ile ya kitochi. Mkulima akitoa gharama hizo moja baada ya nyingine kutoka kwenye bei ya sokoni, kinachobaki ndicho cha kubishania. Wakati mwingine atagundua kuwa dalali anatoa bei ya haki, na hiyo nayo ni habari yenye thamani, kwani itamwokoa asikae na mzigo unaooza kwa ajili ya hasira.

Kikokotoo hicho hicho ndicho dawa ya lumbesa, ambayo Sheria ya Vipimo inaikataza na Wakala wa Vipimo huikemea kila msimu bila ya kuisha. Chukua mnunuzi anayetaja shilingi 60,000 kwa gunia la mahindi. Gunia la madebe sita ni shilingi 10,000 kwa debe. Akilijaza na kulishonea kichwa hadi likameza madebe saba, debe limeshuka hadi shilingi 8,571. Kwa magunia 20, madebe 20 yamepanda lori bila ya kulipiwa, ambayo kwa bei ya mwanzo ni shilingi 200,000. Hesabu hiyo inachukua nusu dakika.

Kwa mwenye duka au genge, saa ya jioni ina kazi nyingine. Wengi hawana vitabu vya hesabu, na karatasi za manunuzi hufungia karanga. Kupiga picha kila risiti na kila ukurasa wa daftari la madeni kabla ya kufunga duka ni kazi ya dakika tano, na mvua au panya wakiharibu daftari, picha zipo. Anayepokea malipo kwa simu anaweza kuomba taarifa ya miamala ya miezi kadhaa, ambayo humwonyesha afisa mikopo fedha inayoingia na kutoka vizuri kuliko maneno matamu. Mfanyabiashara huyo pia asitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja, wala kwa ujumbe ulioingia kwenye simu yake mwenyewe, kwani ujumbe hughushiwa. Afungue menyu atazame salio. Na ule ujumbe maarufu wa “ile hela itume kwenye namba hii” haufai kufutwa tu. Unatakiwa upelekwe namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), ili laini iliyotumika ishughulikiwe.

Yapo na mengine. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za vuli, za masika na za msimu kabla hazijaanza, na aliyeusoma hanunui mbegu ya muda mrefu katika mwaka ambao mvua inatarajiwa kukatika mapema. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na taasisi nyingine, hutazama jani la muhogo kwa kamera ya simu na kueleza kwa Kiswahili kama lina dalili za batobato au michirizi ya kahawia, hata pasipo mtandao. Jibu lake si hukumu. Ni vizuri picha hizo hizo, za jani pande zote mbili na za mmea mzima, zikatumwa pia kwa bwana shamba, ambaye mara nyingi ana pikipiki isiyo na mafuta lakini simu yake iko hewani.

Mzigo huu, hata hivyo, usiachiwe mkulima peke yake. Kwa korosho na ufuta wa kusini, ambao tangu mwaka 2024 umekuwa ukinadiwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), bei ya mnada hujulikana siku hiyo hiyo. Wizara inayohusika na biashara nayo hukusanya bei za jumla, ila taarifa zake zimejikita kwenye nafaka, maharage na viazi. Mwenye nyanya, vitunguu na kabichi, ambaye ndiye mzigo wake hausubiri, hana wa kumwambia.

Halmashauri zinazokusanya ushuru katika masoko ya Ilala, Mabibo na mengineyo zina maofisa wanaokuwapo malori yanaposhusha mizigo, na bei wanaisikia kwa masikio yao. Kuiandika na kuituma kwa ujumbe mfupi kwa maofisa ugani wa wilaya zinazolima mazao hayo hakuhitaji mradi wala mfadhili. Itumwe kabla ya saa moja asubuhi. Mkulima wa Ilula akiipata saa sita mchana, lori limekwishaondoka.